Nilikwenda sokoni na 15,000: mbona chakula cha shamba kinatushinda bei?

#1 BintiJangombe
Asalaam alaykum jamani. Nna suali, na nataka majibu ya kweli, si ya kunipoza moyo.

Mama yangu ana kisukari, mwaka wa tatu sasa. Wiki iliyopita kliniki walimwambia tena yale yale: apunguze wali mweupe, aache boflo (mkate) na chai ya sukari, ale mboga za majani, kunde, choroko, samaki, vyakula vya asili. Nikasema hewala, safari hii nyumba nzima tutakula anachokula mama, tusimtenge na kisahani chake pembeni. Sisi ni watu saba.

Jumamosi nikashika shilingi 15,000 nikenda soko la Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Tungule (nyanya) mafungu mawili 2,000. Mchicha mafungu mawili 1,000. Nazi mbili 2,000. Muhogo fungu moja 3,000. Choroko nusu kilo 2,000. Vibua 5,000. Changu nilimtazama tu, mtungo 18,000. Pesa imekwisha, makaa bado, mafuta bado, na nauli ya kurudi kanipa jirani niliyemkuta kituoni. Tukala mchana na usiku. Asubuhi ya pili tukarudi kwenye boflo.

Siku nyingine kwa pesa hiyo hiyo nnanunua hivi: mchele wa mapembe kilo mbili 5,000, boflo kumi 2,500, mafuta nusu lita 3,000, maharage nusu kilo 1,500, tungule 1,000. Hiyo ni 13,000, na inabaki ya makaa na sukari kidogo. Watu wanashiba mpaka kesho yake asubuhi.

Suali langu ndio hili. Muhogo umechimbwa hapa hapa Unguja. Mchele umevuka bahari kwa meli. Vipi kilichotoka karibu kiwe kizito mfukoni kuliko kilichotoka mbali?

#2 Kijana_Amani
Pole dada, Mungu amjaalie mama afya. Mie sina jibu, lakini nimeusoma uzi huu mkono mmoja umeshika chipsi mayai.

#3 FuoniKwetu
Wa alaykum salaam shoga yangu. Umeandika makaa kwa kupita tu, na mie nnaona ndipo penye shina.

Maharage makavu kwenye seredani, jiko la makaa, yanataka masaa mawili, na yakiwa ya mwaka jana yanataka zaidi. Ukisahau kuyaroweka usiku ndio basi tena. Mie sinunui polo la makaa, sina 50,000 ya mkupuo. Nnanunua ndoo ndogo, na sufuria moja ya maharage inakula karibu ndoo nzima. Kwa hiyo maharage ya 1,500 yananifikia kwenye sahani kwa zaidi ya 3,000. Boflo limeshaokwa na mtu mwengine, kwa kuni za mtu mwengine. Tambi za paketi zinataka maji yachemke mara moja tu.

Wanaosema chakula cha asili ni rahisi hawahesabu moto.

#4 JikoNungwi
Mie napika hoteli moja huku kaskazini, mwaka wa 9 sasa. Nitasema ambalo wengi wanalinong'ona: samaki tunawachukua sisi wa mahoteli. Alfajiri boti zinaingia, mawakala wa mahoteli wameshasimama pwani na simu mkononi. Nguru, jodari, kamba, pweza mkubwa, vinaondoka kabla havijafika mnadani. Kinachobaki ndicho kinachokuja soko la Darajani mjini, na dalali anakinadi kwa watu wengi wanaogombania kidogo. Bei ipande isipande?

#5 MbogaJumbi
Na mchicha nao unaliwa na watalii?

#6 JikoNungwi
@MbogaJumbi hapana, mchicha hawaujui. Nimesema samaki.

#7 MbogaJumbi
Basi nikwambieni la mchicha, maana mie ndiye niuzaye.

Nnauchukua shamba saa 10 alfajiri, kuna anayetoa Bumbwisudi na kuna anayetoa Mwera. Nnaufunga mafungu 80. Siku njema nnauza 60. Siku ya mvua nnauza 35. Mchicha haulali. Ukifika saa 10 jioni umeshainamisha kichwa, nnaunyunyizia maji, na mnunuzi akiutazama anajua. Uliobaki unakwenda kwa mbuzi wa jirani, hata shukrani sipati.

Sasa mwenye duka aliyenipakana yeye ana katoni za tambi na biskuti. Asipouza leo, atauza mwezi ujao. Hazimdai maji, hazimdai kivuli. Mie unaponunua fungu moja la 500 unalipia na lile lililokwenda kwa mbuzi. Nisipofanya hivyo nitakula mtaji.

Watu wanatuita walanguzi. Njooni mkae na mimi siku moja tu.

#8 BintiJangombe
@MbogaJumbi ahsante dada, hilo sikulijua. Hata mie nimewahi kusema "hawa wanatuchuna". Unisamehe.

#9 Hesabu_Tu
Nna maneno mawili, na BintiJangombe asinichukie.

La kwanza, orodha zako mbili hazilingani. Ya Jumamosi ina vibua vya 5,000, ya siku nyingine haina samaki kabisa. Vitoe vibua, unabaki na 10,000. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ughali ule si "asili", ni samaki. Ungenunua samaki na mchele ungefika huko huko.

La pili ndilo linalojibu suali lako la muhogo. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori kama 360. Gramu 100 za muhogo mbichi zina kama 160, kwa sababu zaidi ya nusu ya muhogo ni maji. Fungu lako la 3,000 tuseme kilo mbili, ukimenya inabaki kilo moja na nusu, sawa na kalori 2,400. Mchele kilo mbili kwa 5,000 ni kalori 7,200. Kwa kila shilingi 1,000, muhogo umekupa kalori 800 na mchele umekupa 1,440. Na huyo mwenye gari kutoka shamba kabeba maji, na nauli ya maji ni sawa na nauli ya chakula. Mchele umekaushwa, hauozi, meli moja inabeba maelfu ya tani. Umbali si mrefu kwa kitu kikavu.

#10 Pemba_Peremba
Hesabu nzuri mwalimu. Sasa njoo huku Wete nikuoneshe hesabu isiyofungika.

Msimu wa shelisheli ukifika, huku zinaanguka zenyewe. Asubuhi unazikuta chini ya mti zimepasuka, nzi wamezivaa. Mtoto unamwambia okota ule, anakwambia kachoka na shelisheli. Huko mjini nnasikia moja inauzwa 1,500 mpaka 2,000. Shelisheli ikishawiva ina siku mbili tatu, basi. Kutoka mtini mpaka bandarini, ungoje boti, ulale bandari ya Malindi hapo mjini Unguja, ufike sokoni, siku zimekwisha. Chakula kipo, watu wapo, katikati pana bahari.

#11 MzeeKikwajuni
Wanangu, nimewasoma wote. Mnazungumza bei, nami nataka kuzungumza kumbukumbu.

Visiwa hivi vilianza kula mchele wa kununua tangu karafuu zilipotanda mashambani, enzi za Seyyid Said. Ardhi njema ikapandwa karafuu na minazi, chakula kikawa cha kuagizia. Wazee wetu walihadithia vita vya pili vya dunia: mwaka 1942 Wajapani walipoichukua Burma, mchele wa kule ukakatika, na watu hapa wakarudi kwenye muhogo na mtama kwa nguvu. Halafu mimi mwenyewe, kijana, nimeiona miaka ya mwanzo ya 1970. Chakula cha kuagizia kilibanwa, tukaambiwa tujitegemee. Foleni ya mchele tuliipanga usiku. Tulikula muhogo asubuhi, muhogo mchana, muhogo usiku, na ndugu zetu wa Pemba walipata tabu zaidi yetu.

Aliyepita hapo, siku alipopata pesa alinunua mchele. Na mwanawe kamlea kwenye wali. Muhogo ukabaki na jina la dhiki mpaka leo. Mgeni akija kwako utampikia nini? Wali. Hata kama mfukoni huna. Sasa mkulima atalima sana kitu ambacho watu wanakionea haya? Analima kidogo, kinapatikana kidogo, bei inakuwa juu. Nnavyoona mimi, heshima ya chakula nayo ina bei yake.

#12 FuoniKwetu
Shikamoo mzee wetu. Ila Ramadhani muhogo hauna haya hata kidogo. Ndizi, majimbi, viazi vikuu, muhogo, ndio futari yenyewe, na hapo ndipo bei inapopaa. Mwaka huu siku ya kwanza ya kufunga niliulizia mkungu wa ndizi za kupika, nikarudi na viazi vitamu vinne.

#13 MzeeKikwajuni
Marahaba mwanangu. Kweli kabisa, Ramadhani muhogo unavaa kanzu. Lakini baada ya Idi unavuliwa.

#14 Lishe_Tunguu
Salaam. Nasomea lishe, naomba nirekebishe mambo matatu kabla hatujafika mbali.

Moja, muhogo nao ni wanga. Kwa mgonjwa wa kisukari, kubadilisha sahani ya wali uliojaa kwa sahani ya muhogo uliojaa hakumsaidii sana. Kinachomsaidia mama ni kupunguza kiasi cha wanga wowote, nusu ya sahani iwe mboga, na apate choroko, kunde au samaki. Dawa asiache.

Mbili, kuna mkanganyiko wa "asili" na "kiwandani". Profesa Carlos Monteiro wa Brazili na wenzake ndio waliopendekeza, mwaka 2009, kuvigawa vyakula kwa namna vilivyosindikwa, na sasa vinapangwa makundi manne. Kwenye mpango huo mchele mweupe umo kundi la kwanza, pamoja na mchicha na samaki mbichi, kwa sababu umekobolewa tu. Boflo la mtaani la unga, maji, chumvi na hamira limo kundi la tatu. Kundi la nne ndilo la soseji, tambi za paketi zenye unga wa ladha, krispi, soda, juisi za unga. Kwa hiyo wali si chakula cha kiwandani, lakini bado unapandisha sukari ya mama. Ni mizani miwili tofauti, tusiichanganye.

Tatu, kuhusu gharama, si sisi peke yetu. Marekani, Kevin Hall na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2019. Watu 20 walikaa ndani mwezi mzima, wiki mbili wakipewa vyakula vya kundi la nne na wiki mbili vya kundi la kwanza, wakiachiwa wale watakavyo. Kwenye vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku na wakaongezeka uzito kama kilo 0.9. Na walipopiga gharama ya vitu vya kupikia kwa wiki, kwa kalori 2,000 kwa siku, vya kiwandani vilikuwa dola 106 na visivyosindikwa dola 151. Huko ni nchi yenye magari ya barafu na barabara kila pembe.

#15 Kijana_Amani
@Lishe_Tunguu na urojo uko kundi la ngapi? Jibu kwa uangalifu, uzi huu unasomwa na wauza urojo wa Forodhani.

#16 Lishe_Tunguu
@Kijana_Amani ukipikwa nyumbani au kibandani kwa unga, embe, mbatata na bajia za kukaanga hapo hapo, si kundi la nne. Ukimimina tomato ya chupa juu yake, hapo umeanza safari.

#17 Mvuvi_Mkokotoni
Mie nimekuja kwa samaki. JikoNungwi kasema kweli kwa nguru na jodari. Lakini mbona hamjataja dagaa? Kwa protini ya bei rahisi hakuna wa kumshinda. Hoteli haimtaki, watalii hawamjui.

Na kuna siri ambayo watu wa mjini hawaifuati. Dagaa anavuliwa kwa taa, wakati wa kiza. Mwezi ukiwa mpevu boti zinalala, maana mwanga umeenea bahari nzima na dagaa hakusanyiki. Ukenda pwani siku za kiza, ndoo ya dagaa mbichi ni nusu ya bei ya siku za mbalamwezi. Ununue hapo, uchemshe, uanike, uweke.

#18 Hesabu_Tu
Naunga mkono. Dagaa mkavu, kama nusu ya uzito wake ni protini, na hana mfupa wa kutupa. Kuku wa barafu kutoka Brazili unalipia mpaka ngozi na maji yaliyoganda.

#19 Ng'onda77
@Mvuvi_Mkokotoni ndugu yangu, umesema hakuna anayemtaka dagaa. Na Wakongo? Nenda Kama, nenda Mangapwani, utaona vichanja vya dagaa vimejaa na wanunuzi kutoka Kongo wanaondoka nao kwa magunia. Zamani dagaa alikuwa wa kupewa. Nakumbuka mama akitumwa na bakuli anarudi nalo limejaa bila senti. Leo dagaa anapimwa kwa kilo na anapanda boti kuliko mimi.

#20 Mvuvi_Mkokotoni
@Ng'onda77 nakubali, nimeteleza hapo. Ila nawe kumbuka, kabla ya hao wanunuzi boti ya dagaa haikuwa ikilipa hata mafuta. Wanawake wanaochemsha na kuanika sasa wanapata chochote. Ukiwafukuza Wakongo, dagaa atakuwa rahisi wiki mbili, ya tatu hakuna atakayekwenda kumvua.

#21 Lishe_Tunguu
Nyongeza ndogo kwa wenye presha: dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, nayo ni kijiko cha chai kisichojaa. Waloweke dagaa maji ya moto, wamwage maji yale, na mchuzi wasitie chumvi tena.

#22 FuoniKwetu
Nilipoona hapo juu nusu ya sahani iwe mboga, nilikwenda kutafuta. Shirika hilo hilo linasema mtu wa miaka 10 na kuendelea ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Jana nikachukua mizani yangu ya keki. Fungu la mchicha la 500 limepima gramu 310. Nikachambua, nikatoa mizizi na mashina magumu na majani yaliyotobolewa, nikapima tena: 190.

BintiJangombe kasema wako saba, tuseme wote wameshapita miaka hiyo. Saba mara 400 ni gramu 2,800. Kwa mchicha peke yake hayo ni mafungu 15, yaani 7,500 kila siku ya Mungu. Hapo hamna wali, hamna samaki, hamna makaa. Nilikaa na ile mizani mbele yangu, mchicha umo bakulini, nikamfikiria mwanangu wa mwisho. Sidhani kama amewahi kufikisha kipimo cha umri wake hata siku moja, na mie nnajiona mama ninayejitahidi.

#23 MbogaJumbi
Shoga usipime mchicha peke yake. Papai moja kubwa la 2,000 lina kilo nzima ya nyama. Wakati wa embe, embe. Nikwambie ukweli wa muuzaji: nunua kilichojaa sokoni, usinunue ulichokiandika kwenye karatasi. Tungule zikiwa 1,000 fungu dogo, ziache, pikia embe mbichi au ukwaju. Tungule nyingi zinavuka kutoka bara kwenye matenga, na kila tenga lina zilizopondeka chini. Bahari ikichafuka siku mbili tu, mnaziona bei zinavyoruka.

#24 MtuWaMaweni
Na majani ya bure je? Kwetu Jambiani hatukuwahi kununua mboga. Kisamvu, matembele, mchunga, majani ya mlonge, majani ya kunde. Mchunga mchungu, ndio, lakini ukiupika na tui unateremka. Ardhi yetu ni mawe matupu na bado tulikuwa tukitoa mtama, choroko na kunde kwenye vishimo vya mawe. Nyinyi wenye udongo mwekundu mnalalamika nini?

#25 BintiJangombe
@MtuWaMaweni kaka, nyumba yetu ina uwanja wa hatua nne, na hatua mbili ni choo cha nje. Kisamvu nitapanda wapi? Bibi yangu alikuwa na shamba upande wa Fuoni, liligawanywa viwanja zamani, sasa ni nyumba tupu. Mboga ya bure inataka ardhi, na ardhi ndiyo iliyokwenda kwanza.

#26 Pemba_Peremba
Na huku kwetu ardhi ipo lakini bahari inaidai. Bonde letu la mpunga, upande wa pwani, maji chumvi yamepanda. Marehemu baba alikuwa akivuna pale pishi na pishi. Mwaka juzi tulipanda, ukaota vizuri, ukafika magotini, halafu ukawa mwekundu kwenye ncha kama uliochomwa na moto. Hatukupata hata mbegu. Sasa mie mlimaji wa mpunga ninanunua mapembe dukani kama BintiJangombe.

Kuhusu mchele wenyewe, aliyekula mpunga wa bonde uliotwangwa kwa kinu hawezi kuusahau. Unabaki na ile ngozi nyekundu kidogo, unakula sahani moja unashiba mpaka magharibi. Ukipita mashine unang'aa, na saa 10 una njaa.

#27 Lishe_Tunguu
@Pemba_Peremba ulichosema kuhusu kinu kina historia. Miaka ya 1890 huko Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu, na waliporudishiwa mchele wenye kumvi za ndani wakapona. Ndipo watu wakafika kwenye vitamini B1, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Hata hivyo, nani atatwanga leo?

#28 FuoniKwetu
Suali zuri. Nani atatwanga? Kila nikisoma "turudi kwenye vya asili" nnaona mikono ya mwanamke. Kutwanga, kukuna nazi, kuchambua mchicha, kuparua vibua, kuroweka choroko, kukaa na seredani. Mie natoka kazini saa 9 na nusu. Boflo halikuja nyumbani kwa uvivu.

#29 Kijana_Amani
Mie nakaa chumba kimoja, jiko sina, na mwenye nyumba hataki moshi. Chipsi mayai ni 3,500 na nnalala. Nikisema nipike, ninunue seredani, sufuria, makaa, mafuta, tungule, mpaka nimeshiba ni 12,000.

#30 Ng'onda77
@Kijana_Amani oa bwana, utakula vya asili.

#31 FuoniKwetu
@Ng'onda77 ndugu yangu, mke si jiko. Mfundishe kupika choroko: haitaki kurowekwa usiku kucha, nusu saa na kidogo imeiva, jiko la gesi la mtungi mdogo halina moshi. Anunue kidogo kidogo.

#32 Hesabu_Tu
"Kidogo kidogo" ndiyo inayotumaliza, dada. Mafuta ya kipimo kwenye kifuko, ukijumlisha vifuko vinavyofika lita, umelipa lita na robo. Mchele wa nusu kilo hivyo hivyo, makaa ya kopo hivyo hivyo. Anayelipwa kwa siku ananunua kwa siku, na kwa siku ni ghali. Mwenye 150,000 mwanzo wa mwezi anakula choroko rahisi kuliko mwenye 5,000 kila asubuhi, na jumla ya pesa zao ni moja.

#33 BintiJangombe
Hili limenigusa. Mtaani kwetu tumeanza kuzungumza, nyumba nne, tutoe 20,000 kila nyumba tununue choroko na kunde kwa jumla tugawane. Mmoja kauliza zitakaa kwa nani, mazungumzo yakaishia hapo.

#34 MzeeKikwajuni
Zikae kwako mwanangu. Mwenye mgonjwa ndiye mwenye hima. Chukua kibaba, kila mtu apimiwe mbele ya mwenzake.

#35 JikoNungwi
Nimerudi. Nimesoma yote na sijabadilisha neno langu la samaki, ila naongeza: hoteli yetu tunapika choroko na kisamvu cha nazi usiku wa chakula cha Kiswahili, na wageni wanalipa kwa dola. Mpishi msaidizi wangu, msichana wa Matemwe, anapika vile vizuri kuliko mimi. Nikamuuliza kwao wanakula nini usiku. Akasema tambi.

#36 MtuWaMaweni
Hilo la tambi limeniuma. Dada yangu vile vile, watoto wake hawataki kunde. Wanasema zina ladha ya skuli.

#37 Kijana_Amani
@BintiJangombe mama anaendeleaje?

#38 BintiJangombe
@Kijana_Amani alhamdulillah. Jana asubuhi sukari ilisoma 9, wiki iliyopita ilikuwa 13. Nimefuata la Lishe_Tunguu: wali nampimia kwa kikombe cha chai, mchicha na choroko vinajaza sahani. Analalamika, anasema nampimia kama kuku. Samaki sijaweza kila siku, ila leo ni kiza, mdogo wangu kaenda Malindi tangu alfajiri na ndoo. Nyumba nne hatujakubaliana bado.

Na wewe @Pemba_Peremba, shelisheli zikianza huko niandikie. Polo moja kutoka Wete mpaka Malindi wanatoza kiasi gani?

#39 Pemba_Peremba
Mara ya mwisho nililipa 5,000 kwa polo, nikaongeza 2,000 ya mchukuzi. Ila liliachwa juani bandarini tangu asubuhi mpaka laasiri, na robo ilifika imelainika. Nikizichuma mbichi, zikiwa bado na utomvu, huenda zikahimili. Nitajaribu na tano kwanza, nizifunge kwa majani ya mgomba. Nitumie jina la mtu wa kuzipokea, awepo boti inapofunga gati, asichelewe.